Kabla ya kumchapa mtoto, kagua waya wa deki

Katika nyumba nyingi za Ngara na Biharamulo deki iliingia kabla ya friji, kabla ya pasi ya umeme, na mara nyingine kabla ya umeme wenyewe. Watu waliiwasha kwa jenereta la kukodi, wengine kwa betri ya gari, na baadaye kwa sola. Usiione kuwa ilikuwa anasa. Runinga ilianza Tanzania Bara mwaka 1994, lakini sisi wa mpakani, mbali na mitambo ya mijini, bila dishi tuliambulia chenga tu. Kilichotufikia kwa uhakika ni diski. Zilikuja na mabasi ya Mwanza na Kahama: sinema za Steven Kanumba, sinema za nje zilizosimuliwa kwa Kiswahili na Lufufu, na nyimbo za kwaya. Kisha zikaongezeka zetu wenyewe, yaani mikanda ya harusi, ya sendofu, ya kipaimara na ya misiba. Diski ni diski, lakini hadi leo kwetu tunasema "mkanda wa harusi", kama enzi za kaseti.

Ndugu msomaji, sinema ya Kanumba ikiharibika unaweza kuitafuta nyingine. Mkanda wa familia haununuliwi popote. Ndiyo maana deki ikigoma siku ambayo ndugu wamekusanyika, kinachotokea sebuleni kinaweza kuwa kikubwa kuliko deki yenyewe. Nimeona familia ikinuniana Krismasi nzima kwa sababu ya waya. Naeleza yaliyotokea kwetu, na niliyojifunza kwa fundi, kwa kuwa najua wapo wengi wenye diski ya aina hiyo kabatini.

Mkanda wa sendofu ya dada

Dada yangu mkubwa aliagwa mwaka 2008, nyumbani kwetu Ngara, upande wa kwenda Kabanga. Baba alikuwa mtu wa maneno machache. Alifundisha shule za msingi kwa miaka mingi, na nyumbani hakuwa na hotuba. Siku ile alisimama, akashika kipaza sauti kwa mikono miwili kama mtu anayeshika kikombe cha uji wa moto, akazungumza karibu dakika nane. Alimweleza dada jinsi alivyozaliwa mwaka wa njaa, akamtaja bibi, akawaambia wakwe kwamba binti huyu akikosea wamrudishe kwa mazungumzo, wasimrudishe kwa fimbo. Mwishoni alicheka kidogo, kicheko ambacho sisi watoto tulikuwa hatujakizoea.

Baba alifariki mwaka 2013. Hakuacha picha nyingi, na sauti yake haikurekodiwa mahali pengine popote. Basi mkanda ule ukawa kitu cha mama. Kila Disemba tukikusanyika, baada ya chakula, mama husema, "Haya, niwekeeni mzee." Wajukuu ambao hawakumwona babu yao wanamjua kwa sauti ile. Mmoja wao anaweza kuigiza hotuba nzima, pamoja na kikohozi.

Krismasi ya mwaka 2017 nilitoka Biharamulo, ninakofundisha, nikapita Lusahunga, Nyakahura na Benaco, nikafika nyumbani jioni ya tarehe 23. Baba mdogo alikuwa ametangulia, na alikuwa amemletea mama zawadi: tivii bapa, nyembamba, kuchukua nafasi ya ile ya chogo iliyokuwa imekaa mezani tangu baba akiwa hai. Alikuwa ameshaifunga na kuiunganisha na deki. Watoto walikuwa wanaangalia sinema. Picha haikuwa na rangi, lakini sauti ilikuwepo, na hakuna aliyelalamika. Mtu mmoja alisema labda tivii mpya inahitaji kuzoea.

Sauti ya baba ilipopotea

Kesho yake usiku mama alisema, "Niwekeeni mzee." Diski ikaingia. Muziki wa sherehe ukasikika vizuri, ngoma zikasikika, tukamwona dada akiingia. Baba akasimama, akashika kipaza sauti, mdomo ukaanza kucheza. Hakuna sauti. Nyuma yake muziki laini uliendelea kama kawaida. Mshereheshaji naye aliongea bila sauti. Wakwe waliongea bila sauti. Nyimbo peke yake ndizo zilizosikika.

Mama aliangalia dakika nane zote bila kusema neno. Halafu akainuka akaenda kulala.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Baba mdogo alisema diski imefutwa. Hoja yake ilionekana nzuri: sinema zinasikika, kwa hiyo deki ni nzima na tivii ni nzima, kwenye mkanda huu nyimbo zinasikika, kwa hiyo diski inasoma, kilichoondoka ni maneno ya watu tu. Kwa hiyo kuna mtu amebonyeza kitu, ameondoa maneno na kuacha nyimbo. Na nani alikuwa akishika rimoti mchana kutwa? Mtoto wa kaka yangu, miaka tisa, ambaye kila mtu alimwona akizitoa diski kwenye mifuko yake na kuzirudisha.

Mtoto aliitwa. Aliulizwa mara moja, mbili, tatu. Alisema hakufuta. Kisha, kama watoto wanavyofanya wakibanwa na watu wazima wengi, akasema labda alifuta. Baba mdogo akasema fimbo itafutwa asubuhi. Mke wa kaka akaanza kufungasha nguo zake na za mwanawe, kimya kimya, chumbani. Kaka hakujua ashike upande gani.

Asubuhi ya Krismasi hakuna aliyechapwa, kwa kuwa ilikuwa Krismasi. Lakini mtoto alikunywa chai jikoni, mbali na wenzake. Kijana mmoja anayerekodi diski mjini alipopigiwa simu alisema, bila kuona chochote, kwamba lenzi imekufa, aletewe deki na fedha ya lenzi mpya. Mama alishaanza kutaja mbuzi wa kuuza. Nikaomba jambo moja: tusiuze mbuzi na tusimguse mtoto kabla mtu anayejua hajaja kuona.

Deki haifuti

Jirani yetu mmoja ni fundi redio. Sasa ni mzee, lakini kazi hiyo aliianza akiwa kijana wakati wa wakimbizi. Wakubwa mtakumbuka: mwishoni mwa Aprili 1994, watu takriban 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi, na kambi ya Benaco ikawa kubwa kuliko mji wowote wa jirani. Mwaka uliofuata ilianzishwa Redio Kwizera hapo Ngara, na watu wengi waliopoteana na ndugu zao wakawa hawaachi redio. Redio zikiharibika zilitafuta fundi. Mzee huyu alijifunzia hapo, kwenye meza ya mbao, kwa kufungua na kufunga.

Tulisalimiana, nikamweleza. Swali lake la kwanza halikuwa la kifundi. Aliuliza, "Mwalimu, nani amesema mtoto amefuta?"

Nikamwambia ni wazo la wengi. Akatikisa kichwa. "Deki hii inasoma tu. Haina kalamu. Mtoto akibonyeza rimoti mwaka mzima, diski itatoka kama ilivyoingia."

Ndugu msomaji, naomba sentensi hiyo uishike. Deki ya kawaida ya nyumbani ina mwanga mwembamba unaomulika diski na kusoma kinachorudi. Mwanga huo hauna nguvu ya kuandika. Kufuta au kurekodi kunahitaji mashine ya kurekodia, kama ile iliyo ndani ya kompyuta ya kijana wa mjini, na diski iliyokwisha kufungwa baada ya kurekodiwa haipokei kitu kingine juu yake. Mtoto anaweza kuikwaruza diski, anaweza kuipaka mafuta ya maandazi, anaweza kuivunja. Kuondoa maneno ya watu na kuacha nyimbo hawezi.

Anza nje, ingia ndani

Mzee hakuja na bisibisi mkononi. Aliiacha kwenye mfuko. Alisema kazi yake ina kanuni moja: anza nje, ingia ndani. Nje ni bure. Kadiri unavyoingia ndani, ndivyo gharama inavyopanda. Kwa hiyo kwanza waya, pili mipangilio ya kwenye rimoti, tatu diski, na mwisho kabisa ndani ya deki. Kijana wa mjini alikuwa ameanzia mwisho.

Akaigeuza deki. Nyuma yake kulikuwa na matundu saba yaliyopangwa mstari mmoja, kila moja na rangi yake. Waya uliokuja na deki ulikuwa ule wa vichwa vitatu ambao karibu kila nyumba inao: njano, nyeupe na nyekundu. Njano ni picha. Nyeupe ni sauti ya upande wa kushoto. Nyekundu ni sauti ya upande wa kulia. Rangi ya kichwa inaingia kwenye tundu la rangi yake, huku na kule. Nyuma ya tivii ilikuwa sawasawa. Nyuma ya deki, ambako palikuwa na giza na ukuta karibu, kichwa cha njano kilikuwa kwenye tundu la kijani, na kichwa cheupe kilikuwa kwenye tundu la rangi ya chungwa. Chekundu peke yake ndicho kilichokuwa nyumbani kwake.

Mzee akatuita sote tuone kabla hajagusa. Akaeleza polepole, na mimi naandika kama nilivyomwelewa.

Tundu la kijani ni moja kati ya matatu, kijani, bluu na jekundu, ambayo hugawana picha kwenye waya tatu. La kijani hubeba mwanga na kivuli vya picha. Rangi zinasafiri kwenye yale mengine mawili. Ukichukua la kijani peke yake na kulipeleka kwenye njano ya tivii, unapata picha safi isiyo na rangi. Ndiyo maana sinema zote zilikuwa nyeusi na nyeupe. Tivii haikuwa inazoea chochote. Na angalia mtego mwingine: kati ya hayo matatu ya picha kuna jekundu, na la sauti ya kulia nalo ni jekundu. Deki nyingi huandika maneno madogo chini ya kila tundu. Chukua tochi ya simu uyasome.

Tundu la rangi ya chungwa hutoa sauti kwa namba, kwa ajili ya redio kubwa zenye mtambo wa kuzitafsiri. Tivii ya kawaida ikipelekewa hizo namba haielewi. Inanyamaza au inatoa kijisauti cha "shshsh". Mzee akatega sikio kwenye tivii upande wa kushoto. Kijisauti kilikuwepo. Tangu juzi tulikuwa tunakisikia na kudhani ni cha tivii.

Sasa swali la baba mdogo lilibaki: mbona sinema zilisikika? Mzee akauliza ni nani aliyepiga video siku ya sendofu, na kama alikuwa na waya mmoja uliounganishwa kwenye kipaza sauti. Dada alikumbuka kuwa ndiyo, mpiga video alifunga waya kwenye spika, na mwingine kwenye kinanda cha muziki. "Basi," akasema mzee, "maneno yaliingia upande wa kushoto, muziki upande wa kulia." Sinema ya dukani huweka maneno pande zote mbili, kwa hiyo ukipoteza upande mmoja bado unasikia kila kitu. Mkanda wa nyumbani uliorekodiwa namna ile una maneno upande mmoja tu. Kushoto kukikatika, baba anakatika, ngoma zinabaki.

Akachomoa kichwa cheupe, akakiweka kwenye tundu jeupe. Akachomoa cha njano, akakiweka kwenye njano. Hakutumia dakika mbili.

Mama aliitwa kutoka jikoni. Gauni la dada likawa la kijani tena, na baba akasema, kwa sauti yake yenye kikohozi, "Wakwe zetu, karibuni."

Ukikuta waya ziko sawa

Kwenu tatizo linaweza lisiwe hilo. Mzee alikaa nasi hadi chakula cha mchana, na kwa kuwa mimi ni mwalimu niliandika. Haya ndiyo aliyoyataja kwa mpangilio ule ule wa kutoka nje kwenda ndani.

Chezesha waya kwa vidole wakati deki inacheza. Picha ikirudi na kupotea, au sauti ikikoroma, waya umekatika ndani au kichwa kimelegea. Jaribu hivi: hamisha kichwa cha njano kwenda tundu jeupe pande zote mbili, ili waya wa njano ubebe sauti. Sauti ikisikika, ule mweupe ndio mbovu. Waya mpya ni bei ndogo kuliko nauli ya kwenda kwa fundi.

Tivii ikiandika kwamba hakuna mawimbi, angalia kama iko kwenye njia sahihi ya AV. Tivii za siku hizi zina njia nyingi, na mtoto aliyekuwa akitafuta king'amuzi anaweza kuwa ameihamisha. Hilo si kosa la kuitiwa kikao.

Picha ikiwa inapanda kama ngazi, au inatetemeka, au ina mistari, ingia kwenye mipangilio ya deki. Tanzania tunatumia mfumo wa PAL, wenye picha 25 kwa sekunde. Marekani na Japani hutumia NTSC, wenye picha karibu 30. Deki ikiwekwa NTSC na tivii ya zamani ikawa haiujui mfumo huo, rangi hupotea au picha hukimbia. Chagua PAL, au uiache ijichagulie. Pia kuna kitufe kwenye rimoti za deki nyingi kinachobadilisha njia ya kutolea picha. Kikibonyezwa kwa bahati mbaya, tivii iliyounganishwa kwa njano inaonyesha giza au vurugu. Kibonyeze tena mara kadhaa, ukisubiri sekunde chache kila mara.

Sauti ikikosekana kabisa kwenye diski fulani na kuwepo kwenye nyingine, tafuta kitufe cha kuchagua sauti. Diski za kuimbisha na baadhi ya sinema zilizosimuliwa huweka sauti moja kushoto na nyingine kulia, na kitufe hicho hukuchagulia kushoto, kulia au zote. Ukikuta imechaguliwa kulia peke yake, utapata ugonjwa ule ule wetu hata waya zikiwa sawa.

Diski ya dukani kutoka nje ikikataliwa na kuandikiwa kuwa si ya eneo hili, deki si mbovu. Watengenezaji wa sinema waligawa dunia katika kanda, na sehemu kubwa ya Afrika iko kanda ya 5. Mtu akikuletea diski halisi ya Marekani, ambayo ni kanda ya 1, deki iliyofungwa kwa kanda ya 5 inaweza kuigomea.

Diski yenyewe

Mkanda wetu ulisikika, lakini ulipokaribia mwisho picha iliganda, ikawa vipande vipande kama vigae, kisha ikaruka. Kicheko cha baba kilimezwa. Mzee akaitoa diski na kuiinamisha kwenye mwanga wa dirisha. Karibu na ukingo kulikuwa na alama za vidole na vumbi lile jekundu ambalo sisi wa barabara za vumbi tunalifahamu.

Diski husomwa kuanzia katikati kwenda ukingoni. Mwanzo wa sherehe uko karibu na tundu la kati. Mwisho uko nje, mahali ambapo vidole hushika. Kwa hiyo mkanda unaoganda mwishoni mara nyingi umechafuka ukingoni, na unaogoma tangu mwanzo umechafuka karibu na katikati.

Tulichukua kitambaa laini cha pamba, maji safi yenye sabuni kidogo sana, tukafuta kwa mstari ulionyooka kutoka katikati kwenda nje. Usifute kwa kuzungusha. Deki ina uwezo wa kukisia herufi chache zilizopotea inapokatiza mkwaruzo mwembamba. Mkwaruzo unaofuata mzunguko wa diski hufunika herufi nyingi mfululizo, na hapo hukisio linashindwa. Kausha kwa kitambaa kingine. Usiweke juani, usitumie petroli, wala usikwangue kwa kucha. Wengi husugua kwa dawa ya meno. Mzee alisema inaweza kulainisha mkwaruzo mdogo kwa kuwa inasaga plastiki, lakini kwa sababu hiyo hiyo asingeigusisha diski iliyo moja tu duniani.

Linda pia upande wa juu, ule wenye maandishi. Kwenye CD na VCD, safu yenye habari iko juu, chini ya rangi nyembamba tu ya lebo. Ukiandika jina la harusi kwa kalamu ya wino yenye ncha ngumu unaweza kuichoma safu hiyo, na hakuna fundi wa kuirudisha. DVD ina plastiki mbili zilizogandishwa pamoja, na habari iko katikati, hivyo inastahimili zaidi. Zote mbili usizibandike karatasi: diski hukosa uwiano inapozunguka, na karatasi ikibanduka huweza kwenda na safu.

Baada ya kufuta, kicheko kilirudi. Palibaki sekunde chache za vigae, pale baba anapogeuka kumtazama mama. Mzee alisema hapo pana mkwaruzo wa kweli, tukubali.

Ndani ya deki

Ikiwa diski zote, hata mpya, zinagoma au zinaruka, ndipo utazame jicho la deki, kioo kidogo kama punje ya dengu. Wakati wa kiangazi vumbi hulifunika. Fundi hulifuta kwa pamba ya masikio yenye spiriti kidogo, bila kukandamiza, deki ikiwa imechomolewa kwenye umeme. Nasema fundi kwa makusudi. Ndani ya deki kuna sehemu ya umeme ambayo hubaki na nguvu hata baada ya kuchomolewa. Na ule mwanga wa kusomea usiutazame kamwe deki ikiwa wazi na imewashwa: wa DVD ni mwekundu, lakini wa CD hauonekani vizuri kwa macho, kwa hiyo utaumia bila kujua. Deki nyingi hutumia miali hiyo miwili tofauti, na ndiyo sababu unaweza kukuta deki inasoma DVD na kukataa VCD, au kinyume chake. Ukiliona hilo, mwambie fundi, litampunguzia kutafuta.

Droo ikigoma kutoka, usiivute kwa kisu. Ndani kuna mkanda mdogo wa mpira unaolegea kwa umri, na kuubadilisha ni kazi ndogo. Na kama nyumba yenu inatumia jenereta au umeme unaopanda na kushuka, chomeni deki kwenye kifaa cha kulinda umeme. Enzi za majenereta wengi wetu tulizika deki kwa sababu hiyo.

Baada ya hapo

Baba mdogo hakuomba msamaha kwa maneno. Kwa umri wake na mahali petu, sikutegemea. Alikaa kimya muda mrefu, akatazama nyuma ya deki aliyoiunganisha mwenyewe, halafu akaita, "Mjukuu wangu, njoo ushike rimoti." Mtoto akatoka jikoni. Akakaa karibu na miguu ya babu yake, akaurudisha mkanda mwanzo. Jioni, nguo zilizokuwa zimefungashwa zilirudi kabatini. Mzee fundi alikataa fedha. Alikubali mkungu wa ndizi na sahani ya wali.

Lakini kabla hajaondoka alituambia jambo moja ambalo naona ni kubwa kuliko yote. Diski za dukani zimechapwa kiwandani, alama zake zimebonyezwa kwenye plastiki. Diski za sherehe zetu hurekodiwa moja moja, kwa kuchoma safu ya rangi maalumu, na rangi hiyo hufifia kwa joto, kwa jua na kwa miaka. Hata usipoigusa, inakwisha kimya kimya. Siku moja itaandika hakuna diski, na siku hiyo kweli hakutakuwa na wa kumlaumu.

Tarehe 27 nilipita nayo kwa mtu mwenye kompyuta pale Ngara mjini, nikakaa kwenye benchi hadi alipomaliza. Ameiweka kwenye flashi tatu: moja kwa mama, moja kwa dada, moja ninayo Biharamulo. Diski yenyewe imerudi kwenye boksi lake, limesimamishwa kabatini mbali na dirisha.

Kama nawe una diski ya namna hiyo, ya baba, ya bibi, ya mtoto aliyetangulia, usingoje Disemba. Wiki hii itoe, ifute kwa mstari ulionyooka, itafutie nakala mbili zikae nyumba mbili tofauti. Na ikitokea kwenu picha imepotea au sauti imenyamaza huku nyumba imejaa ndugu, omba tochi, geuza deki, usome rangi za matundu moja baada ya jingine, na watoto waachwe waendelee kucheza nje.